Retoti ya chuma ya mafundi wa Geita: yanasa moshi, haigusi marudio

Wachimbaji wadogo wengi mkoani Geita bado huchoma dhahabu kwa kuweka donge la dhahabu iliyonaswa kwa zebaki juu ya moto wa mkaa, likiwa wazi kwenye kijiko au kipande cha bati, mara nyingi uani kwa mtu. Wasio na leseni ndio hatari zaidi, kwa kuwa anayechimba kwa kujificha hana mwalo (mahali pa kusaga na kuosha mawe) wa kudumu na huchomea popote anapolala. Ndiyo maana retoti ya chuma, yaani chombo cha kunasa mvuke wenye sumu wa zebaki, inayoundwa na mafundi wa kuchomelea vyuma mjini Geita, ambayo kikundi chetu huitumia kila tunapochoma, inastahili kutazamwa kwa makini.

Ni kikombe chenye mfuniko unaokazwa kwa skrubu, na bomba lililopindwa kuelekea chini ambalo hupozwa kwa kitambaa kibichi. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 za selisiasi. Mvuke hupita bombani, hupoa, kisha hudondoka bakulini ukiwa zebaki ile ile, tayari kutumika tena. Ikitumiwa ipasavyo, retoti hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki iliyokuwa kwenye donge, na kwa kuwa bei yake haifiki ya gramu moja ya dhahabu, gharama si kisingizio.

Kasoro zipo. Mfuniko wa retoti yetu haukukaa sawasawa, ikabidi tuuzibe pembeni kwa udongo wa mfinyanzi. Chuma hakimwonyeshi mtu dhahabu yake inavyoiva, jambo linalozaa manung'uniko penye wabia wasioaminiana, na dhahabu yenyewe hutoka na weusi ambao mnunuzi huufanya sababu ya kushusha bei. Kubwa zaidi ni kwamba fundi aliiuza bila neno lolote la tahadhari, ilhali ncha ya bomba ikizamishwa majini, kikombe kikianza kupoa maji hufyonzwa hadi kwenye chuma cha moto na kinaweza kulipuka.

Moshi, hata hivyo, ni sehemu tu ya tatizo. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki ambayo Tanzania iliyaridhia mwaka 2020, unataka pia kukomeshwa kwa umwagaji wa zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa, na kwa matumizi ya sayanaidi, kemikali ya kutolea dhahabu iliyosalia, kwenye marudio (mchanga unaobaki baada ya kuosha) ambayo hayajaondolewa zebaki. Retoti haifiki huko. Zebaki iliyopotea wakati wa kuosha hubaki kwenye marudio, na mvua huisomba hadi vijitoni, ambako bakteria huigeuza kuwa sumu inayojilimbikiza katika samaki. Marudio yasiyosombwa huuzwa kwa wenye matangi ya sayanaidi, kemikali inayoyeyusha zebaki hiyo na kuirahisishia safari ya kuingia majini, na sijaona mnunuzi anayeuliza kwanza kama imeondolewa.