Juno (2007): wote wanamwangalia binti, mimi namwangalia Vanessa

Mtu akikusimulia Juno atakwambia ni ile komedi ya binti wa miaka 16 aliyepata mimba, ana simu yenye umbo la baga na anaongea maneno ya ajabu ajabu. Sawa, hayo yote yamo na yanachekesha kwelikweli. Ila mimi kila nikiirudia naona aliyeibeba hii muvi ni Vanessa, yule mama anayesubiri kupewa mtoto, na wengi wanampita tu kama vile hayupo. Kama hujaicheki kaa ukijua kwamba huku chini namwaga kila kitu mpaka mwisho.

Stori yenyewe haina makona mengi. Juno MacGuff anaishi Minnesota, Marekani, na baba yake, mama wa kambo na mdogo wake wa kike. Kalala na rafiki yake Paulie Bleeker mara moja, tena wazo lilikuwa la Juno mwenyewe, na mara moja ikatosha. Mwanzoni tunamuona anatembea na dumu la juisi anaigida njia nzima ili apate mkojo wa kupimia, maana keshapima na bado anatafuta kipimo kitakachomwambia kingine, na muuza duka pale anamtania tu. Anaamua kwenda kliniki kuitoa. Nje anamkuta mwanafunzi mwenzake anaandamana peke yake na bango, yule dada anamwambia mtoto ana kucha. Basi akiingia ndani, kwenye chumba cha kusubiri, anaanza kusikia kucha za watu: huyu anagongagonga meza, yule anajikuna, mwingine anapaka rangi, na sauti zinapanda mpaka na wewe uliyekaa kwenye kochi unatamani kutoka. Anatoka mbio. Hakuna hotuba, hakuna muziki wa kuliza, ni kucha tu. Nimeona filamu nyingi zinazojaribu kuonyesha mtu anavyobadili mawazo na hii sini ya dakika chache inazipita nyingi.

Anaamua atazaa halafu mtoto ataasiliwa na watu wanaomtaka. Anampata Mark na Vanessa Loring kupitia tangazo kwenye gazeti, na hapo ndipo muvi inapoanza kwa upande wangu.

Lakini kwanza wazazi, siwezi kuwaruka. Sini ya Juno kuwaambia nyumbani ndiyo ninayompigia mfano mtu yeyote anayetaka kujua komedi inaandikwaje. Wamekaa sebuleni, binti anajing'atang'ata, hatimaye anasema. Baba hapigi kelele, unaona tu uso umeshuka, anamwambia alidhani yeye ni binti anayejua pa kuishia, na Juno anamjibu kwamba hata yeye hajui ni binti wa aina gani. Mama wa kambo, Bren, papo hapo keshaanza habari za vidonge vya wajawazito na kumtafutia daktari, na kwa sababu ana saluni ya kucha anakumbushia pia kwamba hivyo vidonge vinasaidia sana kucha. Binti akishaondoka ndio wanabaki wawili wanakiri kwamba walitegemea habari nyingine, labda kafukuzwa shule au kaingia kwenye madawa. Unacheka, na huku unaona watu wazima wawili wameumia ila wameamua maumivu yao wayazungumze mtoto akiwa hayupo. J.K. Simmons na Allison Janney wameigiza kama watu waliokaa kwenye hiyo nyumba miaka. Halafu ile siku ya ultrasaundi, yule mhudumu anapotoa maneno ya kumdharau Juno kwa sababu ya umri wake, Bren anavyomgeukia! Mama wa kambo kwenye filamu nyingi ni mchawi wa hadithi, huyu hapa anasimama kama simba jike kwa mtoto ambaye hakumzaa.

Sasa turudi kwa akina Loring. Mara ya kwanza unaingia kwao na Juno unaona nyumba safi kupita kiasi, picha zimepangwa ukutani, na Vanessa (Jennifer Garner) kakaa wima, kavaa vizuri, anauliza maswali kama anafanya intavyuu. Anataka kujua Juno ana uhakika kiasi gani. Unamuona mtu mkavu, mtu wa kutaka kila kitu kiende kwa ratiba. Pembeni yuko mumewe Mark (Jason Bateman), mtunzi wa muziki wa matangazo, ana magitaa, anapenda roki na filamu za kutisha, anamchekesha Juno, anamchukulia kama mtu mzima. Juno anaanza kwenda kwao mchana Vanessa akiwa kazini, wanasikiliza muziki, wanabishana kuhusu bendi. Na wewe mtazamaji unasema ndani ya moyo wako, aa, huyu baba atakuwa poa, mama ndiye tatizo.

Na hapo ndipo skripti inapokubeba taratibu mpaka ugeuke mwenyewe. Kuna kitu kidogo kinasemwa pale kwao kwamba kuna mtoto mwingine waliwahi kuahidiwa halafu mama yake akaghairi, kinapita haraka ukizubaa hukisikii, ila ukishakisikia yale maswali yote ya Vanessa yanabadilika maana, yule mwanamke haringi, anaogopa kuumizwa tena. Halafu wanakutana na Juno kwenye jengo la maduka. Kabla ya hapo Juno keshamuona kwa mbali yuko sakafuni anacheza na mtoto wa rafiki yake, nywele zimemrukia usoni, hajui kama anaangaliwa. Wakisalimiana mtoto tumboni anapiga teke, Vanessa anaweka mkono, hasikii kitu. Unamuona anavyonywea. Juno anamwambia jaribu kuongea naye. Basi yule mama mwenye nguo za kupigwa pasi anapiga magoti pale pale watu wanapita, analisogelea tumbo la binti wa watu na kuanza kuliongelesha, mpaka anasikia teke. Garner kwenye hiyo sini hafanyi mbwembwe yoyote, ni macho tu, na kila nikifika hapo mimi machozi hayaniulizi.

Mark naye? Ile uchangamfu wake wote ilikuwa ni mtu mzima aliyekataa kukua. Tumbo likishakuwa kubwa anamwambia Juno kwamba anamuacha mkewe, na namna anavyomwambia, kwenye chumba, muziki unapigwa, wanacheza taratibu, inakutia baridi kwa sababu unaona anategemea kitu kutoka kwa mtoto wa shule. Juno anatoka analia, anasimamisha gari kando ya barabara, baadaye anaacha kikaratasi mlangoni. Alichomwandikia Vanessa ni kwamba kama yeye bado yupo, Juno naye bado yupo. Mimi sijui filamu nyingine ya vijana ambayo uamuzi mkubwa wa mhusika mkuu ni kujua yupi kati ya watu wazima anastahili kuaminiwa.

Kuna wanaosema eti muvi inafanya mimba za utotoni zionekane rahisi. Nawaelewa, kwa sababu utani ni mwingi na nyumbani kwa Juno kuna upendo ambao mabinti wengi hawaupati. Ila angalieni vizuri anavyopita kwenye korido ya shule watu wanampisha huku macho yote yako tumboni, halafu siku anayogombana na Bleeker anamwambia wazi kwamba yeye ndiye anayetembea na ushahidi mwilini na mwenzake anaendelea na riadha yake. Na baada ya kujifungua, akilia kitandani baba yake kamkalia pembeni, hakuna urahisi wowote pale. Ninachokilalamikia mimi ni huyo huyo Bleeker. Michael Cera kamuigiza vizuri, ni kijana mpole anayependeka, lakini skripti imemsamehe mapema mno, mwezi baada ya mwezi yuko pembeni na vibukta vyake vya kukimbilia, hakuna anayemuuliza chochote cha maana.

Hiyo ilikuwa skripti ya kwanza ya filamu ya Diablo Cody na ikampa Oscar mwaka 2008. Jason Reitman aliyeiongoza naye aliteuliwa, na Elliot Page aliyemuigiza Juno akateuliwa pia akiwa na miaka 20. Muziki ni gitaa kavu na sauti zinazoimba kama zinaongea, nyingi za Kimya Dawson, na albamu ya nyimbo za hii muvi ilifika namba moja Marekani. Wengine unawaudhi, mimi naona unamfaa Juno kabisa.

Robo saa ya mwanzo ndiyo itakayokusumbua, maana kila mtu anaongea kwa mafumbo na misemo ya kujitungia, hata yule muuza duka, na inachosha. Vumilia, wakishafika kwa akina Loring yanatulia. Washa maandishi ya chini pia, wanaongea mbio na utani mzuri unapita kabla hujaudaka, na ukiirudia mara ya pili jaribu kumfuatilia Vanessa peke yake kuanzia anapofungua mlango.