Tangi la samaki Fluval Evo la lita 52 kwa anayeanza maji chumvi

Taa, pampu na chujio la nyuma vinakuja na tangi, hita haimo. Nunua ya wati 50, ushikilie nyuzi 25 hadi 26. Chumvi ya akwaria ni gramu 35 hadi 38 kwa lita, hidromita (kipimo cha chumvi majini) isome 1.025. Samaki wasubiri mpaka amonia na naitraiti, sumu za majini, zifike sifuri, mara nyingi wiki nne au zaidi. Hapa ndipo wengi huharibu: maji yakipungua kwa mvuke wanaongeza ya chumvi, ilhali chumvi yote imebaki ndani. Ongeza maji yasiyo na chumvi. Sponji isuuze kila wiki, hunasa uchafu haraka. Samaki klauni wawili, kamba mmoja na konokono kadhaa wanatosha. Samaki kangaja (tang kwa Kiingereza), hata kichanga, hapana. Nafasi ya kuogelea hakuna.