Miezi 31 na Mtambo wa Sola wa Kulipia Kidogo Kidogo: Uzoefu Wangu

Nimekaa na mtambo huu kwa miezi 31, kati ya hiyo 24 nikiwa mdaiwa na 7 nikiwa mmiliki, na sasa naona ninaweza kuuzungumzia bila furaha ya siku za kwanza wala hasira za katikati. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyasema yanahusu utaratibu wenyewe wa kukopeshana umeme kuliko nembo iliyobandikwa kwenye boksi.

Nilichopewa ni paneli ya wati 20, boksi lenye betri ya lithiamu, taa nne za LED za wati mbili kila moja, redio ndogo na nyaya za kuchajia simu. Kianzio kilikuwa sehemu ya kumi ya bei, na kilichobaki nilikilipa kwa simu, siku kwa siku au wiki kwa wiki kadiri mfuko ulivyoruhusu. Kila malipo yalileta tokeni, yaani mfululizo wa tarakimu ambazo huingizwa kwenye vitufe vya boksi ili liendelee kufanya kazi. Siku zilizolipiwa zikiisha, boksi hujifunga na kitaa chekundu huanza kupepesa, huku paneli juu ya paa ikiendelea kujaza betri ambayo mwenye nyumba haruhusiwi kuigusa. Hilo la mwisho sikulizoea hata siku moja.

Fundi aliyekuja kuufunga ndiye aliyenifanya niuelewe mtambo kuliko wakala aliyeniuzia. Alipomaliza kuunganisha nyaya alinionyesha kipimo cha mkondo, kisha akaweka kiganja chake kwenye kona ya paneli, na namba ikaporomoka chini ya nusu. "Umeona, mama?" akasema. "Si lazima paneli yote ifunikwe. Seli zimeungana kama mnyororo, ukiminya pete moja mnyororo wote unakwama. Tawi lile likikua, utasema betri imekufa, kumbe ni kivuli." Tawi tukalikata siku hiyo hiyo. Ni yeye pia aliyeniambia nitafute jina la mtambo kwenye orodha ya VeraSol, mpango wa kimataifa unaopima ubora wa vifaa vya sola, ambao kwa mitambo ya nyumbani unadai waranti isiyopungua miaka miwili. Jina nililikuta, na hapo ndipo nilipoweka sahihi yangu kwa moyo mtulivu.

Kuhusu mwanga wenyewe sina la kulalamikia. Siku ya jua la kutosha tulikuwa tunapata takriban wati-saa 70 za kutumia, ambazo zilitosha taa zote nne kwa saa tano, simu mbili na redio ya jioni. Moshi wa kibatari uliondoka sebuleni, na watoto wakasoma bila kusukumana kuizunguka taa moja. Ila nawaomba wanaotangaza "umeme wa nyumba nzima" wapunguze chumvi. Mwaka 2015 wataalamu wa Benki ya Dunia walitoa mfumo wa kupima upatikanaji wa nishati kwa madaraja, kutoka sifuri hadi tano, badala ya kuuliza tu kama nyumba ina umeme au haina. Kwa kipimo hicho mtambo wangu uko daraja la kwanza, kwa sababu daraja la pili linaanzia wati 50 na wati-saa 200 kwa siku. Na jiko usilifikirie: jiko la umeme la wati 1,000 lingeimaliza betri hii kwa muda usiofika dakika tano. Jikoni kwangu moshi upo pale pale, ilhali Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020. Mtu akihesabiwa kuwa "amefikiwa na nishati" kwa sababu ya taa nne, jiko lake limesahaulika.

Bei ndiyo iliyonipa kazi ya kalamu na karatasi. Malipo ya siku moja yalikuwa madogo, na nakiri kuwa udogo huo ndio ulionivuta. Baadaye nilipiga hesabu kwa uniti, yaani wati-saa 1,000. Kwa wati-saa 70 kwa siku, uniti moja ya umeme ilinichukua siku 14 kuipata, maana yake malipo yangu ya wiki mbili yalinunua kile ambacho mwenye mita ya gridi hukitumia kwa kupiga pasi saa moja. Kwa miezi 24 yote ya mkataba nilipata kama uniti 51, tena nikichukulia kwamba jua liliwaka kila siku. Mfumo ule ule wa madaraja unasema umeme ni nafuu pale ambapo uniti 365 kwa mwaka hazizidi asilimia 5 ya kipato cha kaya. Mimi kwa sehemu ya kumi na nne tu ya kiasi hicho nilikuwa nimeshaupita mpaka. Ruzuku nazo, pale zinapokuwepo kwenye bei ya uniti, humfikia aliyekwisha kuunganishwa, na anayetumia nyingi hufaidi nyingi. Tulioko nje ya gridi tunalipa gharama kamili pamoja na gharama ya mkopo, ambayo kwangu ilizidi theluthi moja ya bei ya taslimu. Bei hiyo ya taslimu sikuambiwa mpaka nilipoiuliza mwenyewe, mwezi wa tisa.

Kero kubwa ilikuja na mvua. Wingu lilitanda karibu wiki tatu, paneli ikatoa theluthi ya kawaida yake, tukabaki na taa moja na simu moja. Siku ziliendelea kuhesabiwa vile vile, kwa sababu boksi huhesabu saa zinazopita na si mwanga unaopatikana. Katikati ya kipindi hicho nikaugua, malipo yakakatika siku 11, boksi likafungwa. Nilipopiga simu huduma kwa wateja, wa kwanza alinisomea kifungu cha mkataba kama anayesoma tangazo la msiba. Wa pili alisikiliza. Nilimweleza kwamba GOGLA, chama cha kimataifa cha kampuni za sola zisizotegemea gridi, kina kanuni za kuwalinda wateja, zinazotaka mteja apewe maelezo ya wazi na atendewe kwa haki na heshima, nikamuuliza kama kampuni yao inazifuata. Akaomba nisubiri. Baada ya siku mbili nilitumiwa tokeni ya siku saba bila malipo, na mkataba ukasogezwa mbele bila faini. Nilishukuru, ila niliendelea kujiuliza juu ya wale waliomalizana na yule wa kwanza, wakakaa gizani wakiamini kuwa kosa ni lao.

Kwa hiyo nikiulizwa nani alinifikishia umeme huu kwa haki, sitataja teknolojia kwanza, maana mfumo wa tokeni ni ule ule kwa kila mteja. Nitamtaja yule fundi na yule mpokea simu wa pili, kwa sababu wao walikuwa na ruhusa kidogo ya kutumia akili na wakaitumia.

Tokeni ya mwisho ilikuwa ndefu kuliko zote. Nilikosea kuiingiza mara mbili, mara ya tatu kitaa kikageuka kijani na hakijapepesa tena. Waranti nayo iliisha mwezi ule ule, jambo ambalo nilipaswa kuligundua siku ya sahihi. Taa moja imekufa tangu hapo na nimenunua nyingine mwenyewe. Betri bado inafika asubuhi kama hatujachaji simu ya tatu. Kwa anayetaka kuchukua: mwambie wakala akuandikie bei ya taslimu, jumla utakayolipa, na boksi litafanya nini ukikosa malipo kwa siku kumi. Mimi nilipomrudia wakala wangu na maswali hayo matatu kwa niaba ya jirani, alijibu mawili, na kwa la tatu akampigia fundi.