DaVinci Resolve ya bure: uzoefu wangu nikifanya kazi peke yangu Lamu

Mpiga picha ni mimi, mshika kipaza sauti ni mimi, mhariri ni mimi, na tripodi naibeba mwenyewe kutoka gatini. Kazi yangu ya karibuni ilikuwa filamu ya dakika sita kuhusu fundi wa majahazi wa Matondoni. Yote niliihariri kwa DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo lake la bure.

Kupanga siku za kurekodi sipangi kwa programu. Nina daftari, na kwanza naangalia maji. Yakipwa, mashua haifiki ufukweni. Utashuka utembee topeni na kamera kichwani. Mwanga unafuata baadaye. Nyakati za sala pia naziandika, maana fundi akisikia adhana huweka nyundo chini, na mahojiano yameishia hapo.

Kwenye kuhariri, laptopu yangu ina RAM ya gigabaiti 8 tu, na klipu za 4K, yaani za picha kubwa na nzito, zilikuwa zikikwamakwama. Dawa ni proksi: programu inatengeneza nakala nyepesi, unakata nazo, kisha faili la mwisho linatoka kwenye klipu halisi. Usiku niliiachia ifanye hivyo nikalala. Kesho yake umeme ulikatika nikiwa katikati ya kukata, na betri yangu siku hizi ni ya mapambo. Nilipowasha tena nilikuta kazi yote ipo, kwa kuwa inajihifadhi kila unapobadilisha kitu.

Kurekebisha rangi ndiyo sifa yake kubwa, ila mimi naitumia kidogo. Kanzu iliyogeuka weupe mtupu kwenye picha kwa ukali wa jua la saa saba hairudi kwa programu yoyote.

Sauti ndiyo iliyonitesa. Fundi akisindilia pamba za kalafati, za kuziba nafasi kati ya mbao, mlio ule wa nyundo ni nusu ya filamu. Siku hiyo kusi lilivuma, na mimi manyoya ya kipaza sauti, yale ya kuzuia upepo, nimeyasahau nyumbani. Ndani ya Fairlight, sehemu ya sauti iliyomo humo humo, nilikata masafa yaliyo chini ya hezi 100, yaani sauti nzito kabisa. Ngurumo ikapungua, mlio wa nyundo ukasafika. Maneno yake lakini upepo ulishayala. Nikarudi kumrekodi upya, ndani, mlango umefungwa. Akacheka: "Mwanangu, maneno ni yale yale ya jana?"

Toleo la bure linatoa video hadi 4K bila nembo ya programu, mradi usiguse efekti za toleo la kulipia. Ukizigusa, nembo inajichapa juu ya picha. Hilo la kulipia ni dola 295, mara moja tu, si kila mwezi. Sijalinunua, na kwa kazi za ukubwa huu sioni haja.

Faili la mwisho lilifika karibu gigabaiti 3. Kulipakia kungemaliza bando langu lote, basi nikalitia kwenye flashi, nikampa nahodha aliyekuwa akivusha abiria kwenda Manda. Mteja akalipokea pale uwanja wa ndege.