Video 32 za ngoma ya mdomo: anzeni na ya 27

Nimekaa na kozi hii ya mtandaoni wiki kumi na moja. Inafundisha kupiga ngoma kwa mdomo, bitboksi, tangu dundo la kwanza hadi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Video ni 32, unalipa mara moja tu. Naipenda na naipendekeza, ila msiifuate kwa mpangilio waliouweka.

Mwalimu anafungua kwa sauti tatu: b ni kiki, ile ngoma kubwa ya chini, t ni haihati, yale matoazi mawili, k ni sneya, ngoma ndogo yenye mlio mkali. Tamka b, anaelekeza, kisha iondolee sauti. Hapo nilikwama wiki nzima, dundo linatoka limelegea kama karatasi iliyolowa. Nilikuja kutambua kwamba b yetu ya Kiswahili huvuta. Sema "baba" polepole, umeweka kidole kooni: koo linashuka na hewa inavutwa ndani kidogo. Kiki inataka kinyume chake kabisa. Koo lifungwe, lipande, hewa iliyobanwa mdomoni ipasue midomo. Nikaiacha b nikaanzia kwenye p, na siku hiyohiyo dundo likaja. Mwalimu hana kosa, hakuwa akitufikiria sisi, lakini msomaji wangu anayezungumza Kiswahili asipoteze wiki kama nilivyopoteza mimi.

Sneya ya kuvuta, kwa upande mwingine, ilinijia haraka. Hewa inaingia badala ya kutoka, kama kwenye msonyo, ila hii inapita ubavuni mwa ulimi, nyuma kabisa. Na faida yake kozi inaieleza vizuri mno: kila sneya inakuwa pumzi. Unapiga huku unajaza mapafu, kwa hiyo huhitaji kusimama ili upumue.

Video ninayoirudia kwa raha ni ile ya picha za MRI, mashine inayoonyesha ndani ya mwili. Mwaka 2013 watafiti wa University of Southern California walichapisha utafiti wa mpigaji mmoja aliyepiga akiwa ndani ya mashine, ulimi na koo vikionekana vinavyosogea. Alikuwa anazungumza Kiingereza na Kihispania, lakini mdomo wake ulikuwa ukitoa sauti zisizokuwamo katika lugha hizo mbili, zikiwemo vidoko, milio ya ulimi ya aina ile inayosikika katika Kixhosa cha Afrika Kusini. Nilipoona ulimi ukifunga nyuma huku midomo ikifanya kazi yake mbele, nilielewa inawezekanaje kuguna wimbo puani bila ngoma kukatika: hewa ya ngoma imefungiwa mdomoni, ya wimbo inapita njia yake.

Sehemu ya historia ni video tano, na tatu za kwanza ni nzuri sana. Wanaanza New York ya miaka ya 1980, wakati mashine za ngoma kama TR-808 ya Roland, iliyotoka mwaka 1980, zilipokuwa zikibadilisha muziki na vijana wakiziiga kwa midomo. Jina lenyewe la bitboksi limetoka kwenye mashine hizo. Wapo wapigaji kama Doug E. Fresh, Darren Robinson wa kundi la Fat Boys, na Biz Markie. Wanachambua "La Di Da Di" ya mwaka 1985, Slick Rick akighani na Doug E. Fresh akiwa ndiye bendi nzima. Kisha wanaruka hadi Medúlla, albamu ya mwimbaji wa Iceland, Björk, ya mwaka 2004 iliyojengwa karibu yote kwa sauti za watu, wapiga bitboksi Rahzel na Dokaka wakiwemo. Kuruka huko kunaniuma. Rahzel alistahili video yake mwenyewe.

Sasa hiyo ya 27. Ni konnakol, ghani ya midundo ya India Kusini, na wameiweka karibu na mwisho kana kwamba ni pambo. Kwangu ndiyo moyo wa kozi nzima. Ta ka di mi ni nne. Ta ki ta ni tatu. Ta di gi na tom ni tano. Saba unaipata kwa kuunga tatu na nne. Mdomo unatamka huku mkono ukihesabu mzunguko wa nane wa Adi tala: kofi, vidole vitatu kuanzia cha mwisho, kofi, kugeuza kiganja, kofi, kugeuza kiganja. Nilikaa siku nne na ta ki ta peke yake juu ya mzunguko huo, nikipotea na kurudi, mpaka asubuhi moja mkono na mdomo vikakutana kwenye kofi la kwanza baada ya mizunguko mitatu. Niliporudi kwenye biti zangu za kawaida nilikuta siharakishi tena. Kabla ya hapo nilikuwa na sauti nzuri zisizokuwa na saa ndani yake.

Lawama yangu kubwa ni video za maiki. Mwalimu anaifumbata maiki kwa mkono tangu mwanzo, besi inajaa, nasi tunadhani ni mdomo wake. Mkono ukifunika wavu wa maiki sauti hubadilika sana, na huenda spika zikaanza kupiga kelele. Angepiga kwanza bila maiki, tusikie ngoma yenyewe.

Nimebakiza video ya 31, ya kuimba na kupiga pamoja. Nimeirudia mara tisa. Mstari wa kwanza unapita. Wa pili, kuguna kunakatika kila kiki inapoingia kabla ya neno.