Programu ya maswali iliyomwonea mwanafunzi wangu

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki ipoe kwanza.

Programu hii ya majaribio ya mtandaoni nimeitumia darasani kwa muda wa kutosha kuijua, na nilikuwa naisifu kwa walimu wenzangu. Habari za aina za akaunti na idadi ya maswali mtazisoma wenyewe kwenye ukurasa wao. Mimi nina jambo moja tu.

Ilikuwa kipindi cha biolojia, muhula uliopita ukielekea mwisho. Swali la jibu fupi: mmea hujitengenezea chakula kwa njia gani? Jibu ni usanisinuru. Nina binti mmoja mkimya, wa kufikiri kwanza ndipo aandike. Siku hiyo aliandika, akatuma, na skrini ya simu yake ikawa nyekundu: umekosea. Papo hapo orodha ya alama iliyokuwa ukutani ikajipanga upya, na jina lake likaporomoka hadi mkiani, darasa zima likitazama. Wapo waliocheka.

Akaniletea simu. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nikasoma herufi kwa herufi. Usanisinuru. Hakuna iliyopungua, hakuna iliyozidi. "Hujakosea, mwanangu," nikamwambia, lakini maneno yangu yangefaa nini mbele ya ukuta ule? Baada ya kipindi nilifungua ripoti, nikapeleka kishale mwisho wa jibu lake, ndipo nikaona: baada ya herufi ya mwisho kulikuwa na nafasi tupu. Ni ile nafasi ambayo simu huiweka yenyewe ukigusa neno inalokupendekezea. Kwa macho huioni. Programu iliiona, ikaamua kwamba mtoto hajui.

Nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja, kwa heshima zote. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilisema jibu la mwanafunzi halilingani na jibu sahihi, kwa hiyo mfumo umefanya kazi yake, na kwamba niwafundishe wanafunzi wangu kuandika kwa uangalifu. Kwa uangalifu! Huyu ndiye mwangalifu kuliko wote darasani. Kuondoa nafasi tupu mwanzoni na mwishoni mwa jibu ni kazi ndogo kabisa kwa mtengeneza programu yeyote. Google Forms, ambayo ni ya bure, inakuruhusu kuorodhesha majibu sahihi zaidi ya moja kwa swali la jibu fupi. Hawa wananiambia kosa ni la mtoto.

Nataka kuwa mkweli, maana walimu wengine wataamua kwa kusoma hapa. Programu hii hii ndiyo iliyonifumbua macho siku nilipouliza sehemu kubwa ya uzito wa mti hutoka wapi. Ripoti ilionyesha karibu darasa zima limechagua udongo. Kwa kunyoosha mikono nisingejua kamwe, kwa sababu hujibu walewale. Kesho yake niliwasimulia jaribio la Jan Baptist van Helmont wa karne ya 17: alipanda mti kwenye chungu, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5, mti ukaongezeka zaidi ya kilo 70 na udongo ukapungua gramu 60 hivi. Yeye alidhani yote ni maji, kwa sababu ilikuwa haijajulikana kwamba mmea hujijenga pia kwa hewa ya ukaa inayotoka angani. Darasa lilibishana mpaka kengele ikalia. Kwa siku ile ningetoa nyota nne bila kusita.

Lakini nyota nne kwa chombo kinachomwaibisha mtoto aliyepata? Hapana. Na ile orodha ya ukutani haina kazi yoyote hata hesabu zake zikiwa sahihi. Mtafiti wa elimu Ruth Butler alionyesha mwaka 1988 kwamba wanafunzi waliopewa maoni peke yake walifanya vizuri zaidi kuliko waliopewa alama, hata pale alama zilipokuja pamoja na maoni. Sasa hapa hakuna maoni hata kidogo, ni nafasi ya ngapi na nani kawahi kubonyeza.

Kwa sasa nimehamia Plickers. Kila mwanafunzi ana kadi yake ya karatasi, anaigeuza upande wa A, B, C au D, nami napitisha kamera ya simu yangu tu. Hakuna kuandika, hakuna kukimbizana, na jibu la jirani ni vigumu kulisoma kwenye kadi. Maswali ya kujieleza haiwezi, hayo nimeyarudisha kwenye daftari.

Niliwaandikia tena wale wa mwanzo kuuliza kama watarekebisha. Wakanitumia kiungo cha kununua akaunti ya daraja la juu. Basi ni nyota moja, na hiyo moja ni ya lile swali la mti.