Uzoefu wangu wa kununua pete, hereni na kadi za harusi kwa mafundi wanaojiuzia mtandaoni

Kwa yeyote anayefikiria kununua vito au kadi za harusi kwa fundi anayeuza kazi za mikono yake mtandaoni, tathmini yangu ni kwamba inafaa, tena inafaa sana, mradi mnunuzi awe tayari kuuliza maswali kabla ya kulipa na kuyapima majibu anayopewa kwa makini kama anavyozitazama picha. Mimi na mwenzangu tulinunua pete za fedha, jozi ya hereni na kadi za mwaliko pamoja na bahasha zake, kila bidhaa kwa fundi wake. Tofauti kati ya wawili waliotutendea vyema na mmoja aliyetuangusha ilianza kuonekana kwenye mazungumzo, kabla bidhaa hazijatufikia.

Nianze na pete. Sonara alikuwa ameandika waziwazi kwamba anatumia fedha ya 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi, na zilizobaki kwa kawaida huwa shaba, ambayo huchanganywa kwa sababu fedha tupu ni laini mno kwa kitu kinachovaliwa kila siku. Nilipomuuliza kama pete hizo zitaingia weusi, hakunificha: alisema zitaingia, kwa kuwa fedha hubadilika rangi inapokutana na salfa, lakini weusi huo hukaa juu juu tu na hutoka kwa kusuguliwa na kitambaa laini, ila tuzivue kabla ya kuingia kwenye bwawa la kuogelea lenye klorini. Muuzaji anayekueleza udhaifu wa bidhaa yake kabla hujamlipa anastahili kuaminiwa.

Kuhusu kipimo alikuwa makini zaidi kuliko nilivyotarajia. Hakutaka tupime kwa uzi, kwa sababu uzi huvutika. Alitutumia kwanza mkanda mwembamba wa plastiki wenye alama za vipimo, akatuelekeza tupime jioni vidole vikiwa na joto, kwa kuwa asubuhi na wakati wa baridi vidole husinyaa, na tuhakikishe kwamba mkanda unapita kwenye fundo la kidole bila kulazimishwa. Alieleza pia kwamba pete pana huhitaji nafasi kidogo zaidi kuliko pete nyembamba. Zilipofika zilitukaa sawasawa. Upande wa ndani kulikuwa na mhuri wa 925 kando ya alama yake mwenyewe ya ufundi, kingo zilikuwa zimeviringwa zisikwaruze, na hata chini ya taa kali sikupaona mahali alipolehemu. Alama za nyundo upande wa nje hazikufanana kati ya pete moja na nyingine, na hilo hasa ndilo tulilolitaka.

Hereni zilikuwa habari nyingine. Tangazo lilisema ni dhahabu ya karati 18 iliyotengenezwa kwa mikono, na picha zilikuwa nzuri mno, lakini nilipouliza kuhusu mhuri na aina ya madini ya kishikio kinachopita sikioni, nilijibiwa kwa maneno mawili matatu tu, kwamba ni bora na nisiwe na wasiwasi. Dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 ya dhahabu na kwa kawaida hugongwa mhuri wa 750. Hereni nilizoletewa hazikuwa na mhuri wowote, na baada ya kuvaliwa kwa muda mfupi rangi ilibanduka kwenye kishikio na sikio likaanza kuwasha, jambo linalowapata watu wengi ambao ngozi zao haziwezi kuvumilia madini ya nikeli. Nilipoitafuta picha ya tangazo mtandaoni nikaikuta kwenye maduka mengine kadhaa, kila moja likidai kwamba kazi hiyo ni yake. Pesa nilirudishiwa kupitia utaratibu wa malalamiko wa jukwaa tulilonunulia, na ndiyo maana nasisitiza malipo na mazungumzo yote yabaki ndani ya jukwaa, hata muuzaji akikuahidi punguzo mkimalizana kando.

Simaanishi kwamba dhahabu ya kuchovya, yaani madini mengine yaliyofunikwa kwa dhahabu, ni bidhaa mbaya, kwa maana inayotengenezwa vizuri na kutajwa kwa jina lake ni chaguo la heshima. Nchini Marekani, kwa mfano, kito kinachoitwa vermeil hutarajiwa kuwa cha fedha ya 925 iliyofunikwa kwa dhahabu yenye unene usiopungua mikroni 2.5 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali mchovyo wa kawaida unaweza kuwa mwembamba kuliko huo mara nyingi. Fundi wa kweli atakutajia madini yaliyo chini na unene wa dhahabu iliyo juu bila kusitasita.

Kadi za mwaliko ndizo zilizonifurahisha kuliko vyote. Mchapaji wetu anatumia mashine ya zamani inayolibonyeza bamba lenye maandishi ya mwinuko kwenye karatasi nene ya pamba, yenye uzito wa gramu 600 kwa mita ya mraba, wakati karatasi ya kawaida ya ofisini ina gramu 80 hivi. Ukipitisha kidole juu ya majina unasikia kila herufi ilivyozama, na kingo za maandishi ni safi hata kwenye herufi ndogo za anwani.

Sisi tulitaka wino mweupe juu ya karatasi ya buluu iliyokolea. Mchapaji angeweza kukubali tu na kupokea malipo, lakini alitueleza kwamba wino wa mashine ya aina hiyo hupenyeza mwanga, kwa hiyo rangi nyepesi juu ya karatasi nyeusi hufifia. Akapendekeza wino wa buluu juu ya karatasi nyeupe na bahasha za buluu. Alitutahadharisha pia tusiamini rangi tunayoiona kwenye kioo cha simu, kwa kuwa kioo huchanganya mwanga na mchapaji huchanganya wino, akatutumia kipande cha karatasi kilichochapwa ili tuamue kwa macho yetu. Kwenye prufu, yaani nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, alikuwa ameshakagua kwamba siku ya juma inalingana na tarehe, na hakuanza kuchapa hadi sote wawili tulipoandika kwamba tumeridhia majina, saa na mahali.

Ushauri wake ambao ningependa kila mtu aupate ni huu: agiza kadi na bahasha za ziada tangu mwanzo. Kadi chache zaidi mashine ikiwa tayari inafanya kazi haziongezi gharama sana, lakini kurudi baadaye kuomba chache humlazimu mchapaji kuiandaa mashine upya na kuchanganya tena wino. Bahasha nazo huharibika wakati wa kuandika majina ya wageni. Kisha pima kadi moja kamili, ikiwa ndani ya bahasha yake, kabla ya kununua stempu, kwa maana karatasi nene huongeza uzito kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu bei, sikuomba punguzo kwa sonara wala kwa mchapaji. Mafundi hawa hubeba gharama ambazo mnunuzi hazioni. Etsy, jukwaa lililoanzishwa Brooklyn mwaka 2005 na linalojulikana zaidi kwa kazi za mikono, lilipandisha ada yake kwa kila mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5 mwezi Aprili 2022, na baadhi ya wauzaji wakafunga maduka yao kwa muda kupinga uamuzi huo. Nikijumlisha vifaa, usafirishaji na saa za kumjibu mteja mwenye maswali mengi kama mimi, naona bei tulizolipa zilikuwa za haki.

Kadi za shukrani tumeziagiza kwa mchapaji yuleyule. Bamba lenye majina yetu alikuwa amelihifadhi, kwa hiyo safari hii anatutoza karatasi na kazi ya kuchapa tu.